Serikali ya umoja au ya shirikisho: swali la mzee wa Fizi



Mwezi uliopita, katika kambi moja karibu na Kalemie, tulikuwa tumepanga kuongea juu ya mashamba na safari ya kurudi vijijini. Kabla hatujamaliza kuandika majina ya waliohudhuria, mzee mmoja akainua mkono. Alisema amesikia kwamba Katiba inaweza kubadilishwa na nchi yetu ikawa ya federalisme. "Hiyo ikifika," akauliza, "sisi wa Fizi tuliokimbilia hapa Kalemie, tutakuwa wageni katika nchi ya watu?" Mzee mwenzake akamjibu kwamba federalisme ni ile ile ya Tshombe, kazi yake kukata nchi vipande. Mwalimu mmoja kijana akapinga: kwake yeye federalisme maana yake ni mshahara usiopotelea Kinshasa. Mama mmoja akasema hayo yote ni mambo ya wakubwa, yeye anataka kujua tu ni nani atakayejenga darasa la watoto.

Tukaacha mashamba. Somo hili limetoka katika mazungumzo ya asubuhi hiyo, nami nimeongeza yale ambayo sikuweza kuyajibu palepale bila kufungua vitabu. Mzee hakukosea kuuliza. Mwezi wa Oktoba 2024, mjini Kisangani, Rais Félix Tshisekedi alitangaza nia ya kuunda tume ya kutafakari juu ya Katiba nyingine, na tangu hapo maneno haya mawili, umoja na shirikisho, yanasikika hata sokoni.

Maneno haya yana maana gani

Tuanze na picha ya nyumbani. Baba ana watoto wakubwa, kila mmoja na jiko lake. Katika nyumba ya kwanza, shamba lote ni la baba. Anaweza kumwambia mtoto, "lima upande huu", na mtoto akalima miaka kumi, akavuna, akala. Lakini siku baba akibadili nia, anaurudisha upande huo, na mtoto hana pa kushtaki. Katika nyumba ya pili, ukoo ulikaa, ukapima mipaka, ukakubaliana mbele ya mashahidi: upande huu ni wa mtoto, ule ni wa baba, na kisima ni cha wote. Baba bado ni baba. Ndiye anayesema kwa jina la ukoo mbele ya majirani, ndiye anayeongoza mashauri makubwa. Lakini hawezi kuutwaa upande wa mtoto peke yake. Ni lazima ukoo ukae tena.

Nyumba ya kwanza ni serikali ya umoja. Ya pili ni serikali ya shirikisho, ile tunayoiita federali.

Wengi hufikiri tofauti iko katika wingi wa madaraka: kwamba katika umoja majimbo hayana kitu, na katika shirikisho yana kila kitu. Sivyo. Nchi ya umoja inaweza kugawa madaraka mengi kwa majimbo na vijiji, na huko ndiko kunakoitwa desantralizasio. Ufaransa ni nchi ya umoja, lakini tangu sheria za 1982 mikoa yake ina mabaraza yanayochaguliwa na wananchi. Swali la kuuliza ni lingine: nani ana haki ya kurudisha alichotoa? Kama serikali kuu inaweza kufanya hivyo peke yake, uko katika nyumba ya kwanza, hata kama leo sahani yako imejaa.

Ndugu waliowahi kuishi Tanzania, katika kambi za Lugufu au Nyarugusu, wameona nyumba zote mbili ndani ya nchi moja, pengine bila kujua. Mkuu wa mkoa wa Kigoma huteuliwa na Rais wa Jamhuri. Watu wa Kigoma hawampigii kura. Lakini Zanzibar, iliyoingia katika muungano tarehe 26 Aprili 1964, ina Rais wake, serikali yake na Baraza la Wawakilishi linalotunga sheria zake kwa mambo yasiyo ya muungano. Mvuvi wa Kigoma na mvuvi wa Pemba wana jeshi moja, ila hawatawaliwi kwa namna moja.

Wala shirikisho si dawa ya vita. Nigeria ilikuwa shirikisho tangu kupata uhuru wake mwaka 1960, na bado ilipigana vita ya Biafra kuanzia 1967 hadi 1970. Leo ina majimbo 36. Wananchi wa kila jimbo huchagua gavana wao, na Katiba ya 1999 inaagiza kwamba si chini ya asilimia 13 ya mapato ya mali asili, hasa mafuta, yarudi kwenye majimbo yanakotoka. Vita ya Biafra haikuwafanya waachane na shirikisho, ila yale majimbo makubwa ya mwanzo yalivunjwa na kuwa mengi na madogo. Hilo tulikumbuke, kwa sababu na sisi tumepita njia inayofanana nalo.

Yaliyotupata sisi

Mzee aliyemtaja Tshombe alikuwa na sababu. Mwanzoni mwa 1960, kwenye mkutano wa Meza ya Mviringo mjini Brussels, viongozi wetu waligawanyika juu ya jambo hili hili. Patrice Lumumba na chama chake walitaka nchi ya umoja. Joseph Kasa-Vubu wa ABAKO na Moïse Tshombe wa CONAKAT walitaka majimbo yenye nguvu. Sheria ya Msingi ya tarehe 19 Mei 1960 ikajaribu kuwaridhisha wote: majimbo 6, kila moja na bunge na serikali yake, chini ya serikali kuu. (Ubelgiji wenyewe, uliotuachia sheria hiyo, ulikuja kujiandika katika Katiba yake kuwa nchi ya shirikisho mwaka 1993.)

Uhuru ukaja tarehe 30 Juni. Tarehe 11 Julai Tshombe akatangaza Katanga kuwa nchi peke yake, na mwezi wa Agosti Albert Kalonji akafanya hivyo kwa Kasai ya Kusini. Hapa ndipo watu wanapochanganya mambo. Kujitenga si shirikisho. Anayetaka shirikisho anabaki ndani ya nyumba na kudai mipaka iandikwe; anayejitenga anatoka na kufunga mlango. Tshombe alianza na neno la kwanza akaishia kwenye la pili, na tangu hapo neno la kwanza limebaki na harufu yake.

Lakini sisi wa kaskazini mwa Katanga tuna jambo la kuongeza, na vijana wengi hawalijui. Huku kwetu chama cha BALUBAKAT cha Jason Sendwe kilikataa kujitenga. Vita ikapigwa Manono, Kabalo na vijiji vingi vya reli. Mwaka 1961 makumi ya maelfu ya Waluba walikimbilia kambi mjini Élisabethville, Lubumbashi ya leo, chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa. Walikuwa wakimbizi ndani ya jimbo lao wenyewe. Kujitenga kwa Katanga kulikwisha Januari 1963.

Wakati huo majimbo 6 yalikuwa yanakatwa kuwa 21. Moja liliitwa Katanga ya Kaskazini, na Albertville, yaani Kalemie yetu, ikawa makao ya serikali ya jimbo. Kwa hiyo mwaka 2015 haikuwa mara ya kwanza. Katiba ya Luluabourg ya tarehe 1 Agosti 1964 iliyapa majimbo hayo 21 madaraka yaliyoandikwa, ambayo serikali kuu haikuweza kuyagusa peke yake. Wataalamu wengi huiita Katiba yetu ya shirikisho. Haikupata nafasi ya kupimwa. Uasi ulikuwa umeshika sehemu kubwa ya mashariki, Sendwe alikuwa ameuawa hapa Albertville mwezi wa Juni mwaka huo, na tarehe 24 Novemba 1965 Mobutu akachukua utawala.

Mobutu akaijenga nyumba ya kwanza na kuikaza misumari. Kufikia mwisho wa 1966 majimbo yalikuwa 8 pamoja na Kinshasa, na wakubwa wa majimbo wakawa watumishi wa Rais. Alikuwa akiwatuma mbali na kwao, mtu wa Équateur huku, mtu wa Kivu kule. Lengo lililotajwa lilikuwa kuua ukabila. Sitaki kulicheka lengo hilo. Wazee kambini wanakumbuka kwamba waliweza kusafiri kutoka Kalemie hadi Kinshasa bila mtu kuwauliza kabila. Wanakumbuka pia kwamba barabara, hospitali na mishahara ilikufa, na hakukuwa na mkubwa wa karibu wa kumwuliza, kwa sababu kila mmoja alisema amri iko Kinshasa.

Kisha ikaja 1992 na 1993. Katika Katanga, iliyokuwa ikiitwa Shaba, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa makwao. Wengine walikuwa wamezaliwa huko, baba zao waliletwa kufanya kazi ya migodi na reli tangu wakati wa Wabelgiji. Maelfu walilala kwenye stesheni za treni za Likasi na Kolwezi wakingojea mabehewa, na wengi walikufa hapo na njiani. Wakati huo nchi, kwa maandishi, ilikuwa bado ya umoja.

Nimekaa na habari hizi mbili, ya 1961 na ya 1992, kwa muda mrefu. Katika ya kwanza waliofukuzwa walikuwa chini ya utawala uliojitenga. Katika ya pili walikuwa chini ya utawala wa umoja. Jina la serikali halikumlinda yeyote kati yao.

Tulicho nacho leo

Katiba ya sasa ilikubaliwa kwa kura ya wananchi ya Desemba 2005 na kutangazwa tarehe 18 Februari 2006. Kifungu cha 1 kinasema nchi ni moja na haigawanyiki. Lakini vifungu vya mbele vinajenga kitu kinachokaribia nyumba ya pili. Majimbo ni 25 pamoja na jiji la Kinshasa. Gavana anachaguliwa na bunge la jimbo, hatumwi na Rais. Kifungu cha 202 kinaorodhesha kazi za serikali kuu peke yake, cha 203 kazi za pamoja, cha 204 kazi za jimbo peke yake. Na kifungu cha 220 kinakataza kubadili Katiba kwa nia ya kupunguza haki za raia au madaraka ya majimbo. Hayo ndiyo mawe ya mpaka ambayo ukoo uliyaweka mbele ya mashahidi.

Sasa angalia yaliyofuata. Januari 2011 vifungu 8 vilibadilishwa. Kimojawapo kilimpa Rais uwezo wa kumwondoa gavana, na kingine wa kulivunja bunge la jimbo, pale panapokuwa na mgogoro mkubwa unaodumu. Kugawanyika kwa majimbo, ambako Katiba ya 2006 ilitaka kufanyike ndani ya miezi 36, kulifanyika mwaka 2015 tu, na majimbo mapya yalianza na makamishna walioteuliwa na Rais hadi uchaguzi wa magavana wa Machi 2016. Chini zaidi, kwenye komini, sekta na sheferi, uchaguzi wa madiwani haukufanyika 2006, wala 2011, wala 2018. Desemba 2023 ulifanyika katika komini chache tu. Basi tuna maandishi yanayoelekea kwenye nyumba ya pili, na desturi inayorudi kila mara kwenye ya kwanza.

Kwa Kalemie, mwaka 2015 ulileta faida ya kweli. Zamani mtu wa Moba au Kongolo mwenye shauri la jimbo alipaswa kufika Lubumbashi, kwa treni ya kupitia Kabalo na Kamina, na aliyeijua treni hiyo anajua nasema nini. Leo bunge la jimbo la Tanganyika liko Kalemie, na mtu anaweza kufika mwenyewe mlangoni mwa mbunge wake. Lakini kuligawa jimbo hakukuzuia damu. Vita kati ya Watwa na Waluba iliwaka zaidi mwaka 2016 na 2017, na kujaza kambi ambamo wengi wenu mnasoma ukurasa huu.

Pesa inapita njia gani

Hapa naomba uvumilivu, kwa maana jibu la yule mama liko hapa. Kifungu cha 204 kinasema shule za msingi na sekondari ni kazi ya jimbo, kwa kufuata kanuni za serikali kuu. Hata hivyo mshahara wa mwalimu unatoka Kinshasa, na amri ya elimu ya msingi bila malipo, ilipoanza kutekelezwa mwaka 2019, ilitoka Kinshasa. Jimbo limepewa jembe bila mpini.

Mpini ulipaswa kuwa kifungu cha 175. Kinasema sehemu ya majimbo katika mapato ya taifa ni asilimia 40, nayo inakatwa palepale inapokusanywa. Sheria ya 2008 ikaongeza kwamba miji, komini, sekta na sheferi zinapata asilimia 40 ya sehemu hiyo ya jimbo. Tufanye hesabu ndogo: kwenye franka 100, 60 zinakwenda Kinshasa, 40 zinabaki. Kwenye hizo 40, sehemu ya sekta, sheferi na wenzake ni 16, na jimbo linabaki na 24. Kilichotendeka kwa miaka mingi ni kwamba pesa yote imepanda Kinshasa kwanza, halafu sehemu yake ikarudi kwa jina la retrosesio, pungufu na kwa kuchelewa. Wabunge wa majimbo wamelilalamikia hilo tangu mwanzo.

Mwalimu wetu kijana alifurahi sana niliposoma kifungu hicho. "Ndivyo," akasema, "wakate hapahapa!" Nikamwomba asubiri. Kukata palepale kunalipendeza jimbo lenye cha kukata. Katanga ya zamani iligawanywa kuwa majimbo 4: Katanga ya Juu, Lualaba, Lomami ya Juu na Tanganyika. Shaba na kobalti ziko Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, katika mawili ya kwanza. Kanuni ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa malipo ambayo kampuni hulipa kwa madini iliyouza: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo lenye mgodi, 15 kwa sekta, sheferi au mji wenye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kwa Kolwezi hiyo ni pesa nyingi. Nyunzu itapata nini? Manono ina bati na lithiamu, lakini madini yaliyo chini ya ardhi hayalipi kodi mpaka yachimbwe na kuuzwa.

Kwa sababu hiyo kifungu muhimu zaidi kwa watu wa Tanganyika, kwa maoni yangu, ni kile kisichotajwa mara nyingi: cha 181. Kinaunda Kasha la Taifa la kusawazisha majimbo, ambalo linapaswa kupewa asilimia 10 ya mapato yote ya taifa kila mwaka, ili kujenga vitu vya umma katika majimbo yaliyobaki nyuma. Sheria ya kulipanga kasha hilo ilikuja mwaka 2016, miaka 10 baada ya Katiba. Mtu akija kambini kutusifia shirikisho, tumwulize juu ya kasha hili kabla ya jambo lingine. Shirikisho lisilo na kusawazisha litalipa jimbo tajiri na kuliacha maskini na bendera yake. Na akija wa kusifia umoja, tumwulize kwa nini asilimia 40 hazikukatwa mahali zilipokusanywa.

Jibu kwa mzee

Nimerudi kwake wiki iliyofuata, nikamkuta chini ya mwembe akitengeneza wavu. Nilimsomea vifungu viwili. Cha 30 kinasema kila mtu aliye katika nchi ana haki ya kwenda popote na kukaa anapochagua. Cha 13 kinakataza kumbagua Mkongomani kwa sababu ya asili yake, makao yake au kabila lake, iwe katika shule, kazi za umma au jambo lingine lolote. Kwa Katiba hii, nikamwambia, mtu wa Fizi si mgeni Kalemie.

Akanyamaza kidogo, akafunga fundo. Akasema watu wa 1992 pia walikuwa na karatasi zao za uraia.

Ni kweli, na sikuwa na la kupinga. Nilimwambia tu ninachoamini: katika shirikisho hatari hiyo ni kubwa zaidi, kwa sababu gavana anayetafuta kura za wenyeji anaweza kuzipata kwa kuwanyooshea wageni kidole, na Kinshasa iko mbali zaidi kumzuia. Kwa hiyo anayetaka shirikisho ana deni la kutuonyesha ni mahakama gani itakayopokea shauri la mtu aliyenyimwa shamba au kiti cha shule kwa sababu ametoka jimbo lingine, na askari gani watakaotekeleza hukumu yake. Anayetaka umoja ana deni hilo hilo, maana mwaka 1992 umoja ulikuwepo na askari walikuwepo.

Akauliza kama Katiba iko kwa Kiswahili. Nikamwambia kifungu cha 142 kinaitaka serikali kutangaza kila sheria kwa Kifaransa na kwa lugha zetu 4 za taifa ndani ya siku 60. "Basi waniletee yangu," akasema, "nisome mwenyewe."

Maswali ya kujadiliana kikundini

Katika kijiji ulichotoka, ni kazi gani ya serikali ambayo hukujua uidai kwa nani: kwa shefu, kwa mkuu wa teritware, kwa gavana, au kwa Kinshasa? Baada ya somo hili, je, unajua mlango?

Kama wewe ndiye ungeandika mpaka kati ya baba na mtoto, ungeiacha shule upande gani? Na askari polisi? Na ardhi? Wanawake na vijana waseme kwanza, wazee wafuate.

Je, katika kambi yetu kuna familia iliyotoka jimbo lingine na ikanyimwa kitu kwa sababu hiyo? Wasitajwe majina mbele ya watu. Anayejua amweleze mwakilishi wa kamati ya amani faraghani, naye atatufikishia.

Na kwa wabunge wa jimbo wanaopita kambini: mwaka jana, katika zile franka 16 za sekta na sheferi, ni ngapi zilizofika?